Kazi Moja, Watu Wawili

Albertine na mumewe Hippolyte walipoteza kazi siku moja, katika kikao kimoja. Mke alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni ya shirika la misaada pale Kasongo. Mume alikuwa dereva wa shirika hilohilo. Mkuu wa ofisi aliwakusanya wafanyakazi wote kwenye banda la magari, akawaambia kwamba wafadhili wa ng'ambo wamefunga mkono, na kwamba mwisho wa mwezi ofisi nayo itafungwa. Alisema kwa Kifaransa, kisha akarudia kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili habari ilikuwa fupi zaidi. Hakuna aliyelia. Mlinzi mmoja aliuliza kama kesho waje kazini. Akaambiwa waje. Wakaja.

Miaka yote ya kazi hiyo Albertine alikuwa amewapikia madaktari na wahandisi waliokuja na kuondoka. Alijua nani hali nyama, nani anaogopa pilipili, nani anasema hana njaa halafu anaamka usiku kutafuta mkate. Hippolyte, kwa upande wake, alikuwa mtu wa usukani: shati limepigwa pasi, miwani ya jua mfukoni. Mwiko hakuwahi kuushika. Jioni alikaa kwenye kiti chake akingoja sahani, na Albertine, aliyeshinda akiwapikia wageni, alianza upya kuwapikia wa kwake. Hakuona ajabu. Ndivyo nyumba zote alizozijua zilivyokwenda.

Shida ya mwaka ule haikubisha hodi kwao peke yao. Vita vya mashariki vilikuwa vimekata njia ya Bukavu, na vitu vilivyokuwa vikitoka huko vikaadimika: sabuni, sukari, viatu vya watoto. Shirika lilipofunga, nyumba lilizokuwa limepanga zilibaki tupu. Wenye nyumba wakakosa kodi, mafundi cherehani wakakosa wa kumshonea, wauza nyama wakachinja mbuzi mmoja pale walipokuwa wakichinja watatu. Na kila mwanamke aliyeachishwa kazi, au aliyeachishiwa mume, alipata wazo lilelile: maandazi. Barabara inayotoka misioni kwenda sokoni ilijaa makarai ya mafuta ya moto, karai kwa karai, hadi wauzaji wakawa wengi kuliko walaji.

Marguerite, jirani yake Albertine, ndiye aliyelisema wazi. Alikuwa na karai lake hatua chache kutoka lile la Albertine.

"Leo nimenunua kwako, kesho utanunua kwangu," alisema. "Hii si biashara, Mama Sonia. Hii ni kusalimiana."

Albertine aliacha kukaanga kabla unga haujamwishia. Uliobaki aliwapikia watoto.

Hippolyte alitafuta gari la kuendesha, lakini magari yalikuwa yameondoka pamoja na wenye nayo. Alikaa nyumbani wiki nzima akiosha viatu vyake. Halafu zikaja habari za dhahabu. Bei yake ilikuwa imepanda duniani kote, wakasema, na upande wa Kabambare, mbele ya Wamaza, wachimbaji walikuwa wamefungua machimbo mapya porini. Mahali penyewe palikuwa hapana jina; wachimbaji wakapaita Tutaona. Hippolyte alichukua sehemu ya malipo yake ya mwisho, akaungana na walinzi wawili wa zamani wa shirika ili wafungue shimo lao, akaondoka nyuma ya pikipiki akiwa na miwani yake ya jua.

Mwanzoni alituma pesa mara mbili kwa mkono wa wapanda pikipiki, hao wanaoitwa motari. Alipiga simu pia, sauti ikikatika-katika, akasema shimo linaonyesha uso mzuri. Kisha akanyamaza. Mvua zikaanza, zikashika, naye bado kimya.

Aliyeleta habari alikuwa motari mmoja kijana, Fabrice, aliyekuwa akienda huko mara kwa mara. Alizileta huku akitazama pembeni.

"Baba Sonia ni muzima," alisema. "Nimemuona. Iko kwa mama mumoja, wanamuita Mama Safi. Anakula pale, analala pale."

"Analala pale?"

"Njo vile niliona, mama. Mi sikuuliza."

Albertine alimshukuru, akaingia ndani. Hakuwaambia watoto. Alimwendea Malaika, dada mkubwa wa Hippolyte, kwa sababu jambo la mtu huanzia kwa ndugu zake. Malaika alikuwa akianua mpunga, na hakuacha kuanua alipokuwa akisikiliza.

"Ni mudogo wangu, lakini sitamutetea," alisema mwishoni. "Enda umuone kwa macho yako. Kama ameoa, tujue. Kama ni mugonjwa, tujue. Mutu hawezi kukaa na bwana ambaye hajui kama iko ao haiko."

"Na watoto?"

"Sonia ni mukubwa. Nami niko hapa."

Sonia alikuwa darasa la tano la sekondari. Shule ilikuwa tayari imemrudisha nyumbani mara mbili kwa ajili ya karo. Mama alipomwambia abaki na wadogo zake, alikubali upesi kuliko ilivyotazamiwa.

Fabrice ndiye aliyempeleka Albertine. Njia ilikuwa ya matope mekundu; palipokuwa na mteremko alishuka akatembea, na palipokuwa na mto mdogo walivua viatu, wakasukuma pikipiki juu ya magogo. Walilala Wamaza kwa watu wa ukoo wa Malaika, walioleta maji ya kuoga na bukari, yaani ugali wa muhogo, wala hawakumuuliza anakwenda kufanya nini machimboni. Asubuhi alifungua mfuko, akavaa kikwembe, kile kitenge chake cha Pasaka. Hakutaka kukutana na mwanamke mwenzake akiwa katika nguo za njiani. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Aliyapanga vizuri, kuanzia ya upole hadi yale ambayo yakishatoka hayarudi, na hadi wanafika alikuwa nayo yote tayari.

Tutaona palikuwa pahali pa maturubai na miti iliyokatwa juzi. Ardhi ilikuwa imechimbuliwa, nyekundu, kila upande. Vijana wenye miili ya udongo walipita na mifuko ya mawe kichwani. Fabrice alimwonyesha turubai refu la buluu, moshi ukitoka nyuma yake.

Mbele, juu ya kiti cha mbao, alikaa mwanamke mzee, mnene, ushungi umefungwa vizuri, mguu mmoja umevimba na kuwekwa juu ya kigoda. Alikuwa na umri wa kumzaa Hippolyte. Albertine alitazama nyuma yake kama kuna mwingine. Hakuwako.

"Mama, jambo. Namutafuta Mama Safi."

"Umemupata."

"Namutafuta Hippolyte."

"We nani yake?"

"Bibi yake."

Mama Safi alikitazama kile kikwembe cha Pasaka kuanzia kiunoni hadi pindoni palipokwisha kuingia matope. Akageuza kichwa, akaita: "Mupishi! Toka, una mugeni!"

Aliyetoka alikuwa Hippolyte. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi, kifuani amejifunga gunia la unga lililopasuliwa, na mkononi ameshika mwiko mrefu. Walitazamana. Maneno yote ambayo Albertine alikuwa ameyapanga yalikuwa ya mtu mwingine. Kwa huyu hakuwa na hata moja.

"Mama Sonia," alisema Hippolyte.

"Baba Sonia."

"Sombe inaungua," akasema, akarudi ndani haraka. Albertine akamfuata.

Jikoni alimweleza, mgongo umemgeukia, akikoroga. Shimo lao lilikuwa limeingia maji kabla ya kufika kwenye mchanga wenye mali. Walikodi mashine ya kuvuta maji, mashine ikala pesa zote, na maji yakarudi. Wale walinzi wawili waliondoka bila kuaga. Yeye alikuwa akila kwa Mama Safi kwa mkopo, kama wachimbaji wote, akingoja shimo litoe. Shimo halikutoa. Mama Safi hakumtukana. Alimpa ndoo, akamwambia achote maji hadi deni liishe. Kisha mpishi wake, msichana wa Kabambare, akaolewa na mnunuzi wa dhahabu akaenda zake, na mzee mwenyewe alikuwa hawezi kusimama kwa ajili ya mguu. "Akaniuliza kama najua kupika. Nikasema najua."

"Ulisema unajua."

"Nilikuwa nakuonaga."

"Sababu gani hukupiga simu?"

"Nikuambie nini? Hippolyte anakoroga bukari?"

Albertine alisogea karibu na jiko. Alimwangalia anavyosonga. Alikuwa ameushika mwiko kwa mikono miwili, mmoja huku mmoja huku, kama mtu anayekata kona. Bukari lilikuwa na madonge. Alichovya kidole kwenye sombe: majani ya muhogo hayakutwangwa ya kutosha, yalikuwa bado machungu, na mawese yalitiwa mapema mno yakachakaa. Wachimbaji walikula hivyo kwa sababu aliyetoka shimoni angekula hata kamba.

Hakukusudia lolote. Angeweza kuapa hivyo, na baadaye aliapa. Alikuwa amekaa siku mbili juu ya pikipiki, mikono haijui pa kushika. Alipandisha kikwembe, akakifunga juu ya magoti, akamwambia mumewe asogee. Majani yaliyobaki aliyarudisha kwenye kinu. Alimwaga maji machungu, akatia mengine, akasaga karanga kidogo, akaweka samaki mkavu, na mawese akayatia mwisho, moto ukiwa umepunguzwa. Hippolyte alishika taa ya betri jua lilipokuwa likizama, akiangalia.

Wachimbaji walikuja, wakakaa kwenye mabenchi. Wa kwanza kumaliza alirudisha sahani, akaomba tena. Wa pili naye. Mmoja, mzee kidogo kuliko wenzake, aliacha kutafuna katikati, akauliza kwa sauti: "Leo ni nani amepika?"

Hippolyte, aliyekuwa akigawa, aliendelea kugawa.

Asubuhi Mama Safi alimwita Albertine, akamketisha karibu na mguu wake mbaya. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na yale machache hakuyazungusha.

"Nakutaka wewe jikoni," alisema.

"Na bwana yangu?"

"Jiko yangu haibebe wapishi wawili. Dhahabu yenyewe imeanza kuwa kidogo. Kazi ni moja."

"Mama, ni bwana yangu."

"Najua. Njo maana nakuambia wewe mbele. Angekuwa mutu mungine ningemufukuza jana."

Hippolyte alikuwa kijitoni akisugua sufuria kwa mchanga. Albertine aliketi juu ya jiwe upande wa pili, akamwambia kama alivyoambiwa, bila kupunguza. Hippolyte aliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

"Ulikuja kuninyang'anya kazi," alisema hatimaye.

"Nilikuja sababu waliniambia umeoa."

"Afadhali ungenikuta nimeoa."

Alisema hivyo bila kelele, na Albertine akaona kwamba hakuwa akifanya mzaha. Mwanamume aliyeoa machimboni ni habari ya kawaida. Watu huisema, huichoka. Huyu alikuwa ameficha kitu kingine kabisa, na ndicho walichokuwa wakikipigania sasa.

"Hapa kila mutu ananiita Mupishi," Hippolyte aliendelea. "Wanasema chakula yangu ni mubaya, lakini wananiita. Asubuhi naamuka, najua naenda wapi. Nikirudi Kasongo wataniita nani?"

"Baba Sonia."

"Ile haina mushahara."

"Mi niliifanya miaka yote bila mushahara," alisema Albertine. "Nikitoka kwa wazungu nilikuja kuifanya."

Hippolyte aliizamisha sufuria majini. Maji yalipita katikati yao yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa ajili ya watu waliokuwa wakiosha mchanga huko juu. Albertine alijisikia vibaya, lakini si vibaya kama alivyodhani ingempasa. Alikuwa akifikiri juu ya karo, na juu ya chumvi. Alikuwa akifikiri pia kwamba tangu kile kikao cha bandani hakuna mtu aliyemwambia *nakutaka wewe*, na neno lile lilikuwa limemwingia, akalionea haya, na hakulitoa.

"Kama ukisema nikatae, nitakataa," alimwambia. "Turudi sisi wote wawili tukakaange maandazi."

Alingoja. Hippolyte aliinua sufuria, akaigeuza kumwaga maji.

"Ukikataa atamutafuta mungine," alisema. "Nitatoka tu."

Mambo yalikwisha hivyo, bila yeyote kusema ndiyo. Albertine alirudi kwa Mama Safi akakubali kwa masharti: deni la Hippolyte lifutwe, nauli yake itolewe, na sehemu ya mshahara wa kwanza aibebe mkononi kwa ajili ya watoto. Mzee alilalamika kidogo kwa ajili ya heshima ya biashara, akatoa.

Kabla ya kuondoka, Hippolyte alimkabidhi jiko. Hakuna aliyemwomba. Alimpitisha sehemu kwa sehemu, kama dereva anayemkabidhi mwenziwe gari: kuni hizi zina moshi, zitumie nje, turubai linavuja hapa, usiweke unga, yule mwenye kovu atakuambia amelipa, hajalipa, Mama Safi mguu ukimuuma hasemi, bali anaanza kukosoa chumvi. Albertine alisikiliza kila neno. Alikuwa hajamsikia akizungumza hivyo tangu gari lilipochukuliwa. Hippolyte alipomaliza alifungua lile gunia kifuani, akalikunja mara nne, akamwekea juu ya kinu. Kisha akapanda nyuma ya Fabrice.

Albertine alikaa Tutaona hadi msimu wa kiangazi. Kazi ilikuwa nzito kuliko ya nyumba ya wageni, na wateja hawakuogopa pilipili. Kila Jumapili alipanda kilima ambako simu ilishika, akapiga nyumbani. Mwanzoni Hippolyte alijibu kwa neno mojamoja. Malaika ndiye aliyemweleza mengine, huku akicheka: mdogo wake alikuwa akipika, alikuwa akienda sokoni na kikapu, na wanaume wenzake walipita mbele ya nyumba makusudi ili wamwone. Yeye alikuwa ameacha kuwajali, au alijifanya. Jumapili moja alichukua simu mwenyewe.

"Mama Sonia, majani ya muhogo, unamwaga maji ya kwanza mbele ya chumvi ao kisha?"

"Mbele."

"Njo nilivyomuambia Malaika. Alibisha."

Kilimani kulikuwa na upepo, lakini simu haikukatika. Walizungumza juu ya karanga hadi salio likaisha.

Dhahabu ya Tutaona ilipungua kama Mama Safi alivyosema. Mashimo yaliachwa moja baada ya jingine. Vijana walikunja maturubai wakaelekea mahali pengine, ambapo napo palikuwa hapana jina. Mama Safi, mguu na yote, alitaka kuwafuata, akamwomba Albertine waende pamoja. Albertine alifikiri siku kadhaa. Mwishowe alimwambia hapana, na yule mzee, ambaye hakuwa mtu wa kusihi, alimpa sufuria mbili kubwa na baraka.

Sasa wana banda la chakula Kasongo, pale motari wanapongojea abiria. Wanauza wali, maharagi na sombe. Siku nyingine chakula kinaisha mapema. Siku nyingine kinarudi nyumbani, nao hukila wenyewe. Sombe ni ya Hippolyte. Mwanzoni watu walikuja kumtazama mwanamume anayetwanga majani hadharani, na kwa kuwa walikuwa wamekuja, wakala. Albertine husema, mumewe akiwa hayupo, kwamba bado si nzuri sana. Akiwapo hunyamaza.

Ila Sonia hakurudi shuleni. Ule mwaka ulimpita akilea wadogo zake, na Hippolyte aliporudi karo ilikuwa tayari mlima. Sonia alisema ataanza tena mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa ulifika, pesa ya karo ikapatikana, si yote lakini ya kutosha kuanzia, na Albertine akaiweka mezani mbele yake. Sonia alikuwa akichambua maharagi.

"Tengeni, mutumie kwa wadogo," alisema.

"Nawe?"

"Mi niko na kazi hapa."

Albertine alimtazama mumewe amsaidie kusema. Hippolyte alikuwa na mwiko mkononi, na motari watatu walikuwa wameshaketi wakiita wali. Akaenda kugawa. Pesa ilibaki mezani hadi jioni, kisha Albertine akaichukua, akaiweka kando kwa ajili ya mwaka unaokuja.